Bidhaa ikiharibika mapema, nani athibitishe ubovu: mnunuzi au muuzaji?

Mtoa mada:
Wadau, wiki iliyopita nilirudisha simu iliyozima ghafla ikiwa na miezi 3 tu. Fundi wa dukani akaifungua, akamulika tochi, akanionyesha kistika kidogo ndani ambacho hugeuka chekundu kikilowa. "Maji hayo. Dhamana imekufa." Simu yangu haijawahi kulowa, na kistika hakisemi kililowa lini wala mikononi mwa nani. Nikarudi nyumbani na simu mfu na risiti.

Msimamo wangu: miezi ya mwanzo, mzigo wa kuthibitisha umwangukie muuzaji. Umoja wa Ulaya uliweka hivyo tangu 1999: hitilafu ikijitokeza ndani ya miezi 6 huhesabiwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa. Mwaka 2019 wakaongeza hadi mwaka 1. Muuzaji akipinga, athibitishe yeye. Mnasemaje?

Muuzaji:
Pole mkuu, ila sikilizeni na upande wa pili. Nauza simu. Mtu anaidondosha chooni, anaianika juani siku mbili, halafu anakuja kuniapia. Nikimpa mpya, msambazaji aliyeniuzia ananicheka. Hasara yote yangu, na wala sikuitengeneza mimi. Duka kubwa litahimili, mimi nitafunga. Au nipandishe bei, waaminifu wawalipie waongo.

Mtoa mada:
Hapo kwa msambazaji nakuunga mkono. Sheria hiyohiyo ya 2019 inampa muuzaji haki ya kumdai aliyemletea ubovu. Ugomvi wako na yeye usiumalizie kwangu. Wewe una fundi, una vifaa, bidhaa unaijua. Mimi nina neno langu tu.

Mchangiaji mwingine:
Nyote mmeliruka swali. Fundi analipwa na nani? Na duka. Basi hiyo ni kesi ya nyani, hakimu ngedere. Hata sheria ikimbebesha muuzaji mzigo, ataleta ripoti ya fundi wake huyohuyo na mchezo umekwisha. Tudai kwanza mkaguzi asiye na upande.

Na wewe mtoa mada, rudi udai sababu ya kukataliwa kwa maandishi, yenye tarehe na jina la aliyekagua. Maneno ya mdomo hayatakusaidia mbele ya mamlaka ya kulinda walaji wala mahakama ya madai madogo. Risiti ipige picha leo hii. Nyingi huchapwa kwa joto, si kwa wino, ukija kuitafuta unakuta karatasi nyeupe. Mali bila daftari, wenyewe mnajua. Kama ulilipa kwa kadi, iulize benki kama muda wa kupinga muamala haujapita.

Muuzaji:
Mkaguzi huru sawa, nakubali. Gharama yake analipa nani?

Mtoa mada:
Atakayeshindwa. Na risiti nimeshaipiga picha. Tarehe ilikuwa imeanza kufifia.