Tupeane uzoefu: programu ilishawahi kukuambia kazi imechukua sekunde hasi?

Mwanzisha uzi: Wana IT wa Unguja na Pemba, salamu. Tuzungumze kupima muda tu: kazi imeanza lini, imeisha lini, imechukua muda gani. Kwetu ripoti ya printa ya tiketi ilitoa sekunde -3. Saa ya seva ilikuwa imetangulia, NTP (huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao) ikairudisha nyuma kazi ikiwa katikati. Leteni yenu.

Mwana Wete: Mimi pampu ya kisima, kwenye Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya kibao kimoja. Kidude hiki hakina betri ya saa. Umeme ukikatika, na Pemba hilo tunalijua, kikiwaka kinashika saa ya mwisho iliyohifadhiwa, intaneti ikirudi saa inaruka mbele ghafla. Pampu iliwashwa kabla saa haijaruka, ikazimwa baadaye. Rekodi ikasema imevuta maji usiku kucha, na mwenye kisima keshaanza kumtuhumu mlinzi! Kwenye Python nikatoa time.time(), inayosoma saa ya ukutani, nikaweka time.monotonic(), inayohesabu muda unaopita tu. Hiyo hairekebishwi na mtu, inakwenda mbele tu.

Baharia: Nilikabidhiwa app ya resi za ngalawa. Aliyeiandika alitumia System.nanoTime(), kihesabu muda cha Java. Simu inatiwa mfukoni, skrini inazima, simu inalala, na hesabu inalala nayo. Ngalawa zinarudi pwani watu wamechoka kungoja, app inasema dakika chache! Kwenye Android tumia SystemClock.elapsedRealtime(), inahesabu hata simu ikiwa usingizini.

Mwana Wete: Yakhe, na Linux je?

Baharia: Soma saa iitwayo CLOCK_BOOTTIME. Ile ya CLOCK_MONOTONIC haihesabu muda mashine iliolazwa.

Fundi Chake: Kikaushio cha karafuu, kinaendeshwa na kibao kidogo cha Arduino Uno. millis(), yaani hesabu ya milisekunde tangu kiwashwe, inajaa na kurudi sifuri baada ya siku 49 na ushei. Usiandike millis() > mwisho. Andika millis() - mwanzo >= muda, zote ziwe unsigned long (namba nzima zisizo na hasi), jibu linatoka sawa hata ikizunguka.

Maalim: Ila namba ya monotonic msiipeleke kwenye hifadhidata, wanangu. Mashine ikizimwa na kuwashwa haina maana tena. Kumbukumbu ziwekeni kwa UTC, saa ya kimataifa, zile saa tatu tunazoitangulia ziongezwe wakati wa kumwonesha mtumiaji. Na muamue mapema kama mtamwandikia 13:00 au saa saba mchana, maana hapo simu za malalamiko haziishi.

Mwanzisha uzi: Hilo la saa saba, Maalim, lifungulie uzi wake.