Fielder 1NZ: gasketi ya hedi, nataka kuifungua mwenyewe nyumbani

Baba Ilham

Wakuu, salaam. Gari ni Corolla Fielder ya 2004, injini 1NZ-FE, ndiyo inayobeba familia nzima. Hosi ya juu ya rejeta ilipasuka njiani, ikachemsha. Hosi mpya imefungwa, lakini maji yanaendelea kupungua na nje hakuna panapovuja. Asubuhi ikiwashwa inakosa silinda moja kwa sekunde kadhaa kisha inatulia. Hosi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe hata kabla injini haijapata moto. Oili kwenye dipstiki ni safi.

Vifaa: soketi seti nzima, tokirenchi, jeki, stendi mbili. Plagi, breki na feni belti nafanya mwenyewe, hedi (kichwa cha injini, kinachokaa juu ya bloku) sijawahi kufungua. Je, hii ni gasketi ya hedi kweli, ile inayoziba kati ya hedi na bloku? Injini lazima ishushwe? Bolti za hedi zinarudi zilezile? Na hedi ni lazima ipelekwe kuskimu (kusawazishwa uso kwa mashine), au nikiisafisha vizuri inatosha?

Spana14

Hosi ikikaza injini bado ya baridi, ni gesi ya mwako inayoingia kwenye njia za maji. Kukosa asubuhi ni maji yaliyopenya ndani ya silinda gari likiwa limelala. Oili kuwa safi haibadilishi kitu, kwa sababu gasketi inaweza kukatika kati ya silinda na maji bila kugusa njia ya oili.

Ila thibitisha kabla ya kushika spana. Pima kompresheni (mgandamizo) silinda zote nne, betri ikiwa na chaji, umeme wa injekta umekatwa, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini. Silinda mbili za jirani zikishuka pamoja, gasketi imeungua katikati yao. Zote zikiwa nzuri usishangilie, maana upenyo mdogo haushushi geji. Hapo tumia dawa ya kupimia gesi kwenye mdomo wa rejeta, ile ya bluu: ikigeuka njano kuna gesi ya mwako ndani.

Injini haishuki. Lakini 1NZ inazungusha kemshafti kwa cheni, kwa hiyo kava ya mbele lazima itoke, na hiyo ndiyo nusu ya kazi yote. Injini maunti ya upande wa cheni itafunguliwa, basi egemeza injini kwa jeki chini ya sampu (bakuli la oili), na kipande cha mbao katikati ili sampu isibonyee. Wota pampu utakuwa umeshaifikia. Kama ina mlegeo au alama ya kuvuja, badilisha sasa hivi.

Nunua seti ya gasketi za hedi, siyo gasketi peke yake: utahitaji pia za manifoldi zote mbili, ya kava ya valvu na sili za valvu. Ongeza sili ya mbele ya krenkshafti, gundi ya silikoni ya injini, oili (na filta mpya ni takriban lita 3.7) na kulanti. Usipange kumaliza wikiendi moja. Hedi ukiitoa Jumamosi jioni, karakana ya mashine utaikuta wazi Jumatatu.

fundi_wa_hedi

Mkuu, naongezea hapo kwenye hedi, kwa sababu ndipo kazi inapofia.

Kwanza, usilegeze bolti injini ikiwa na moto. Ziko kumi. Anza za pembeni ukielekea katikati, kila moja robo mzunguko, rudia mizunguko kadhaa. Ukifungua moja mpaka mwisho kisha ukahamia nyingine, unaipinda hedi kwa mkono wako.

Kusafisha: kwangua kwa wembe uliolazwa au kikwangulio cha plastiki, pamoja na dawa ya kusafishia breki. Msasa wa mashine, ule wa duara, weka mbali kabisa. Unachimba alumini, halafu vumbi lake linaingia kwenye njia za oili na kula beringi. Wengi wakisikia injini inagonga baada ya kufunga hedi wanalaumu gasketi, kumbe ni msasa.

Kisha rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Pima kwa urefu pande zote mbili, upana, na kona kwa kona. Kikomo ni 0.05 mm. Fila ya 0.05 ikipita, hedi iende mashine. Injini iliyochemsha sana mimi naipeleka bila kubishana, na kabla ya kuskimu naomba wapime nyufa kwa presha. Hakuna maana kulipia kuskimu hedi iliyopasuka. Waambie watoe kidogo tu kinachohitajika, maana kadiri unavyokata ndivyo valvu zinavyosogelea pistoni. Na bloku nayo ipime vilevile! Watu wanaskimu hedi halafu wanaifunga juu ya bloku iliyobonyea.

Bolti: nunua mpya. Zinakazwa kwa nyuzi za pembe, yaani zinavutika, na bloku yako ni ya alumini. Matundu yake yakaushe kwa upepo mpaka chini kabisa. Maji au oili iliyobaki humo haina pa kukimbilia: tokirenchi itakudanganya kuwa bolti imekaza, au bloku itapasuka.

Gasketi inakaa kavu, haipakwi gundi juu na chini kama wengine wanavyofanya. Hakikisha matundu yake yanalingana na ya bloku, hasa la oili. Bolti paka oili kidogo kwenye meno na chini ya kichwa. Kaza kuanzia katikati kwenda nje: 29 Nm zote, kisha nyuzi 90 zote, kisha nyuzi 90 tena. Weka nukta ya rangi kwenye kila kichwa ili uone imezunguka kiasi gani. Kuna bolti ikizunguka kwa ulaini bila kuongeza ugumu, simama hapo hapo, meno ya bloku yanang'oka. Dawa yake ni kuwekewa helikoili (meno mapya ya waya), siyo kuongeza nguvu.

Mvita_Gereji

Wamemaliza hedi, mie niseme cheni.

Kabla ya kufungua, leta alama ya puli ya krenkshafti kwenye 0 na alama za gia za kemshafti mahali pake, kisha piga picha. Cheni ikishatoka usizungushe krenkshafti hovyo, 1NZ pistoni hugonga valvu. Wakati wa kurudisha kemshafti, pistoni ziwe zimeshuka kidogo chini ya uso wa bloku. Kepu za kemshafti zina namba na mshale. Zilegeze na kuzikaza kidogo kidogo kwa usawa, kemshafti ni rahisi kuvunjika. Kama hedi imeskimiwa au valvu zimesagwa, pima mwanya wa valvu injini ikiwa baridi: za kuingiza 0.15 hadi 0.25 mm, za ekzosi 0.25 hadi 0.35.

Ukishafunga cheni, zungusha kwa spana mizunguko miwili kamili, uelekeo wa kawaida. Ikigota, usilazimishe. Viungo vya rangi vya cheni havitarudi kwenye alama baada ya kuzungusha, usihangaike navyo. Tazama alama za gia tu.

Bolti za kava zina urefu tofauti, zichomeke kwenye boksi kwa mpangilio wake. Gundi ikishapakwa, kava ifungwe ndani ya dakika chache, na oili isitiwe kabla ya saa mbili kupita. Usisahau tone la gundi pale kava ya cheni inapokutana na hedi, chini ya gasketi ya kava ya valvu.

Baba Ilham

Shukrani sana wakuu. Fundi wa hapa mtaani ananiambia nikifunga nitoe themostati kabisa ili isichemshe tena. Ni sahihi?

fundi_wa_hedi

Hapana. Injini itakaa baridi, kompyuta itaendelea kumwaga mafuta mengi, na tatizo la kweli litabaki palepale. Ifunge mpya, inaanza kufunguka kati ya 80 na 84 °C. Badala yake kagua rejeta kama imeziba, mfuniko wake kama unashika presha, na feni kama inawaka yenyewe. Jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, si ya kisima. Hita iwe kwenye joto la mwisho, mfuniko wazi, injini ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyaga mafuta) mpaka hosi ya chini ipate moto na mapovu yakome.

Oili ya mwanzo imwage baada ya kilomita 500 hivi, kwa sababu hedi ikiinuliwa lazima maji kidogo yateremke kwenye sampu. Bolti za hedi usizirudie kukaza.

Spana14

Na mapovu yasipokoma hata hewa ikishatoka yote, zima. Rudia dawa ya bluu kabla hujaipeleka barabarani.