Jina kukosewa kwenye kesi za zamani za Uingereza: kesi ilikufa au ilirekebishwa? Naomba ushauri

Mwaka_wa_Pili: Wakuu, habari za jioni. Nina insha ya historia ya sheria. Nimekutana na kesi ya Mfalme dhidi ya Shakespeare, 1808 (siyo yule wa tamthilia, huyo alifariki 1616). Hati ya mashtaka iliandikwa Shakepear, s ya katikati na e ya mwisho zimeruka, mahakama ikakubali kwamba hilo si jina lake. Lakini kesi nyingine, Benedetto na Beniditto wakahesabiwa jina moja. Niandike kwamba majaji waliamua walivyoamka? Mhadhiri wangu hacheki.

Karani_Mstaafu: Yasome kwa sauti. Kipimo kilikuwa sikio. Segrave na Seagrave zinasikika sawa, zikapita. Shakepear imepoteza sauti nzima katikati. Tabart na Tarbart nazo zilikataliwa.

bwege_mtozeni: Kwa hiyo mtu anaiba ng'ombe, karani anasahau herufi, jamaa anarudi nyumbani? 😂

Wakili_Pwani: Haendi mbali huyo. Mdogo wangu Mwaka wa Pili, hapa ndipo insha yako ilipo, usiishie kwenye tahajia. Pingamizi la jina halikumsafisha mtu, liliiangusha ile hati tu. Tena lilikuwa na masharti magumu: lazima liletwe mwanzoni kabisa. Ukishajibu kiini cha madai, umelikubali jina uliloitwa. Na mwenye kulileta lazima ataje jina lake halisi, ili mdai aweze kufungua hati nyingine iliyo sahihi. Yaani unamkwamisha mwenzako huku unamkabidhi silaha. Kuanzia enzi za Malkia Anne likahitaji na kiapo, maana wengi walilitumia kuvuta muda.

Jambo jingine, jina la ubatizo lilibanwa kuliko la ukoo. Coke, jaji wa Uingereza wa karne ya 17, alifundisha kwamba mtu anaweza kuwa na majina ya ukoo kadhaa, ila la ubatizo ni moja. Kumwita John badala ya James kulikuwa balaa.

Mwaka_wa_Pili: Shikamoo wakili, na asante sana. Hakukuwa na sheria ya kurekebisha?

Wakili_Pwani: Marahaba. Ilikuwepo tangu 1340, lakini ilihusu karani aliyezidisha au kupunguza herufi au silabi katika mwenendo wa kesi. Kisha 1413 Bunge likaongeza mzigo: kwenye hati ambazo mdaiwa angeweza kutangazwa nje ya ulinzi wa sheria, aandikwe pia hadhi au kazi yake na anakoishi. Nia ilikuwa asikamatwe mwenye jina linalofanana. Mimi naona hapo walikuwa na hoja kuliko tunavyowacheka.

Karani_Mstaafu: Mlango ulifungwa 1826 kwa jinai, 1833 kwa madai ya kawaida ya madeni na fidia. Kuanzia hapo jina linasahihishwa, kesi inaendelea. Kwa madai, gharama za kusahihisha alibeba mdai.

bwege_mtozeni: Na huku kwetu ilifikaje?

Wakili_Pwani: Tanganyika ilipokea sheria za Uingereza kwa tarehe ya 22 Julai 1920, wakati huo pingamizi lile lilikwishazikwa kwao. Kijana, anza insha na 1833 urudi nyuma. Na kesi ya Shakespeare iweke katikati, usiianzie. Kila mwanafunzi ataianzia.