Nati moja ya spana namba 10, fundi kanimwagia supaglu na majivu ya sigara kwenye saiti mira!

Wakuu, nina hasira hapa nilipo, mnivumilie, uzi ni mrefu. Mwenye haraka asome kichwa cha uzi, kinamtosha.

Gari ni Toyota Runx ya 2002, namba B. Najua watakuja wa "uza hiyo mkuu, chukua gari". Gari nililonalo ndilo hilo, injini ya 1NZ haijawahi kunilaza njiani hata siku moja, na katika kisa hiki chote lililokosea si gari.

Ilianza hivi. Saiti mira, kile kioo cha pembeni, ya kulia, upande wangu dereva, ikawa inacheza. Mwanzoni ukifunga mlango kwa nguvu inashuka kidogo, unaisukuma juu kwa kiganja, maisha yanaendelea. Baadaye nikifika 60 tu inatetemeka. Mimi kila siku natoka Tabata naenda Kurasini kwa barabara ya Mandela, na anayeijua Mandela anayajua yale malori ya bandarini. Unatupia jicho kiooni kabla ya kuhama, unaona taa nne. Sasa hujui ni lori moja unaliona mara mbili au ni mawili kweli yanakuja. Mara mbili nimepigiwa honi ya kunitoa roho. Nikasema basi, hii twende gereji.

Jirani akanielekeza kwa fundi wake, gereji ya chini ya mwarobaini. Sitaji mtaa wala jina, na msinifuate PM kuuliza.

Fundi akaja na glasi ya juisi ya miwa mkononi. Akaishika saiti mira kwa mkono uliobaki, akaitikisa mara mbili, akatulia kidogo kama daktari anayesikiliza kifua.

"Bosi, hii imekufa."

Imekufa nini?

"Shingo. Shingo imekufa."

Nikamuuliza, hufungui ndani ukaangalia? Akacheka kabisa. "Bosi, hivi vitu havifunguliwi. Vimeshindiliwa kiwandani hukohuko Japani." Mimi ni mhasibu, wakuu. Spana nazijua kwa sura. Nikaamini.

Akanipa bei mbili: nikitaka ya mtumba niandae elfu themanini, nikitaka ya gundi ni elfu ishirini, "na hiyo utaliuza gari imekaa". Nikachagua ya ishirini. Hapo ndipo kosa langu mimi lilipo, nalikubali mapema ili mpunguze kejeli huko chini.

Dogo akatumwa dukani na buku mbili, akarudi na vichupa viwili vya supaglu. Fundi akawasha sigara. Nikadhani mzee anavuta kwa starehe, kumbe ni malighafi! Akamimina gundi kuzunguka shingo yote, nyingine ikachuruzika hadi kwenye kitako, pale saiti mira inapokutana na mlango, akakung'utia majivu juu yake, moshi ukapanda, macho yakaanza kututoka machozi mimi na yeye. Akarudia mpaka vichupa vyote viwili vikaisha. Matone matatu yakatua kwenye rangi ya mlango. Nikamwonyesha, akajaribu kuyafuta na gwanda lake, akayatandaza.

Na kile kioo chenyewe kikaota ukungu mweupe, kwa sababu ule moshi wa supaglu ukitua mahali unaganda. Katikati ya ukungu kuna alama ya dole gumba la fundi, mistari yote inasomeka, NIDA hawana picha safi kama ile.

Lakini haki lazima isemwe, ilikaza. Siku nne sikuisikia. Swichi ya kukunja vioo nikiibonyeza, cha kushoto kinajikunja, cha kulia kinalia "nyiiii" kinabaki palepale. Nikajisemea si neno, nani ana haja ya kukunja.

Siku ya tano, foleni ya Buguruni. Nimesimama. Bodaboda anapita katikati yetu kabeba mitungi ya gesi, mmoja ukaigusa saiti mira yangu. Kuigusa tu, wala hakuwa mwendo kasi. Kila mwenye gari Dar ameshagongwa saiti mira na bodaboda. Inajikunja, unaikunjua, unatukana kidogo, foleni inaendelea. Saiti mira ina springi pale shingoni kwa ajili hiyohiyo, ikiguswa ilegee ijikunje isivunjike. Ya kwangu shingo imegeuzwa jiwe, italegea wapi? Nguvu yote ikaenda kwenye kitako. Nikasikia "kach!" Nikatazama kulia, naona saiti mira inaning'inia kwa nyaya zake, inapigapiga mlango. Bodaboda hata hakugeuka.

Nikashusha kioo cha mlango, nikaendesha nimeishikilia kwa mkono. Kufika Tazara, afande huyu hapa.

"Kaka, hiyo ni saiti mira au hereni?"

Elfu thelathini. Sina la kubisha, sheria ni sheria na kweli nilikuwa sioni nyuma upande wa kulia. Ila neno hereni liliniuma kuliko faini.

Jioni nikarudi kwa fundi. Nilijiandaa njia nzima maneno ya kumwambia. Akakichukua kile kipande, akakigeuza, akakiangalia vizuri, akanijibu bila hata aibu:

"Bosi, gundi haijashindwa. Angalia mwenyewe. Pale nilipopiga gundi hapajaachia. Kilichoshindwa ni plastiki."

Wakuu, nilikosa jibu. Maana kitaalamu ni kweli! Gundi ilikuwa imara, gari ndilo lililovunjika. Akaniambia niongeze elfu kumi na tano apige na kitako. Niliondoka.

Jumamosi nikaenda Ilala kwenye spea za mtumba. Mnaopanga kwenda, hili mlishike: Runx, Allex na Corolla za rika hilo saiti mira zake ukizitazama kwa mbali utasema ni mapacha, lakini soketi ya nyuma hazifanani. Inayojikunja kwa swichi ina nyaya nyingi kuliko inayosogea kioo tu. Mimi nilikwenda na kile kipande mkononi, nyaya zimekatwa ila zinahesabika, na bado muuzaji wa kwanza alitaka kunipa ya nyaya tatu, "fundi ataunga". Wa pili alikuwa na yenye nyaya sahihi, safi, rangi ileile ya fedha. Nikaigeuza mwangani. Pembeni ya kioo pana mkwaruzo wa msasa. Ukiinamisha kidogo unaona T, unaona sita, unaona herufi ya mwisho C. Namba ya gari la mtu, alilipa vijana wamchongee ili asiibiwe. Nikairudisha taratibu. Muuzaji ananiambia "hiyo ilikuja hivyohivyo kwenye kontena". Kontena la Japani lina namba ya T!

Nikapata nyingine kwa mtu wa tatu, elfu sitini na tano, nyeupe, gari langu ni la fedha. Ndiyo maana sasa hivi nina sikio jeupe.

Kuifunga sikutaka tena mwarobaini. Ofisini kuna mzee dereva, akanipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima huko Keko, hana hata bango. Na hapa ndipo hasira yangu ilipozaliwa, kabla ya hapo nilikuwa na huzuni tu.

Mzee akachukua bisibisi bapa, akaizungushia kitambaa ncha isikwaruze. Kwa ndani ya mlango, kwenye ile kona ya mbele ya kioo cha dirisha, kuna plastiki ya pembetatu. Akaichokonoa, "tak", ikatoka. Sekunde kumi hazikufika. Nyuma yake mnaona kila kitu: skrubu tatu zimetokeza kutoka kwenye kitako cha saiti mira, kila moja inatakiwa iwe na nati yake, spana namba 10. Yangu? Nati mbili, zote akazizungusha kwa vidole. Kwa VIDOLE. Skrubu ya tatu iko wazi, haina kitu, uzi wake unang'aa.

Akauliza nani alifungua hapa. Nikamwambia mbona hapajawahi kufunguliwa. "Mlango huu umepigwa rangi," akasema. Nikakumbuka. Miaka miwili iliyopita nilikwaruzwa, nikapeleka mlango ukapigwa rangi, na fundi rangi lazima ang'oe saiti mira. Aliirudisha na nati mbili.

Kisha mzee akavunja ile shingo yenye gundi kwa nyundo, akanionyesha springi. Ngumu, inakung'ata vidole. Shingo haikuwa imekufa. Haikuwahi hata kuugua! Yaani ugonjwa ulikuwa pembetatu moja na spana moja kutoka kwenye macho ya yule bwana, na yeye akaona bora awashe sigara.

Soketi ilikuwa chini zaidi, ikabidi afungue na paneli ya mlango. Kuitoa tu, kitu kikagonga bati la mlango chini, "ko". Akaingiza mkono, akatoka na nati.

Naomba msome tena hapo. Tangu mlango upigwe rangi, kila tuta nilikuwa nasikia ko-ko-ko upande wa kulia. Mwaka jana gereji nyingine waliniambia ni bushi za mbele. Nikabadilisha. Elfu sabini. Ko-ko-ko ikaendelea, wakaniambia bushi mpya huwa zinalia kidogo mpaka zizoee.

Mzee kafunga saiti mira kwa nati zangu mbili na ile ya tatu iliyorudi safarini, kwa dakika kama kumi na tano, akasema elfu kumi. Wakati anakaza aliziba tundu la chini kwa tambara ili nati ikimponyoka isianguke mlangoni. Tambara! Hiyo ndiyo teknolojia iliyokosekana kwa fundi rangi.

Kwa hiyo hesabu, maana ndiyo kazi yangu: gundi 20,000, faini 30,000, mtumba 65,000, kufunga 10,000. Jumla 125,000. Za bushi sizijumlishi kwa sababu nikizijumlisha nashindwa kulala.

Sasa kabla hujampa gari fundi maiko yeyote, yaani fundi wa kubahatisha, fanya wewe mwenyewe, haina hata haja ya kuchafuka mikono. Shika kitako, pale saiti mira inapokutana na mlango, utikise. Kitako kikicheza, ni nati za ndani, mwambie fundi afungue pembetatu mbele yako, akikataa washa gari uondoke. Kitako kikitulia ila kichwa kinacheza, hapo ndiyo shingo, na dawa yake ni kutafuta nyingine, si kuigandisha, yaliyonikuta mmeyasoma. Vyote vikitulia ila kioo peke yake kinachezacheza, nyuma ya kioo kuna kibao cha plastiki chenye vimeno vinavyoshika mota. Mara nyingi kimechomoka upande. Weka kiganja bila kulenga kona, sukuma polepole mpaka kiingie. Kama vimeno vimevunjika, nunua kioo na kibao chake. Ukimwaga gundi huko ndani, siku utakayobonyeza swichi kioo kisogee, mota itajila meno yenyewe.

NYONGEZA: Wanaosema hii chai, yaani nimetunga, haya. Nati sijui kama ni ushahidi, ila ile saiti mira ya zamani ninayo, na dole gumba lake lipo.

NYONGEZA 2: Mkuu uliyesema "na mafundi nao wana njaa", sawa, na mimi nina njaa. Angefungua pembetatu, akakaza, akaniambia elfu ishirini, ningelipa na soda juu. Sijalalamikia bei popote humu. Nimelalamika kwamba hakuangalia.

NYONGEZA 3: Msaada kwa wanaojua rangi. Yale matone ya supaglu yaliyotandazwa mlangoni bado yapo, meupe, magumu, na chini yake pana mikwaruzo ya ile hereni. Kuna aliyeniambia nifute kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, mwingine kasema asetoni itatoka na gundi pamoja na rangi yote. Nani amewahi kuyatoa bila kupaka mlango upya? Maana mlango ukipakwa upya, saiti mira lazima ing'olewe, na mimi fundi rangi namjua mmoja tu.