Gari linagonga nikikata usukani, naomba ushauri

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Gari letu la familia, lenye pawa stelingi ya mafuta, linagonga "ko, ko" mbele kushoto nikikata usukani taratibu, hasa nikiegesha. Likishika mwendo, kimya. Mafuta ya stelingi yalikuwa yamepungua. Nilipoongeza, mvumo wa pampu uliisha ila kugonga kukabaki. Fundi kabadilisha tairodi (vyuma vinavyogeuza magurudumu ukikata usukani) zote mbili, hakuna tofauti.

Jana niliweka kiganja kwenye springi ya kushoto, injini imezimwa, mke wangu akazungusha usukani: springi inakwama kidogo, halafu inaruka kwa mlio uleule. Nabeba watoto kila siku, sina amani kabisa.

Je, hiyo ni bea ya juu ya shokapu (inayoiwezesha springi kuzunguka ukikata usukani), au hata boljointi (kiungo cha mviringo kinachoshikilia gurudumu) hufanya hivyo? Nitazitofautishaje kabla sijanunua kifaa kingine?