Naomba ushauri: digrii ya sheria ninayo, kazi yenyewe siijui

Wakuu, shikamooni. Nasubiri kwenda Shule ya Sheria Dar, kwa mafunzo ya uwakili baada ya digrii. Kwa sasa najitolea ofisi ya wakili hapa Kigoma mjini. Kesi ya Donoghue ya 1932, ile ya Uingereza kuhusu uzembe, na konokono wake kwenye chupa, naijua vizuri. Ila kaja mzee wa Ujiji na mgogoro wa shamba, na karani wetu, asiye na digrii, ndiye aliyenieleza tuanzie usuluhishi baraza la kata, ambalo tangu 2021 haliamui tena, linasuluhisha tu. Hati ya madai, ile ya kufungulia kesi, nayo sijawahi kuandaa. Chuo kilitupa nadharia tupu, kusema kweli.

Bosi yuko mahakamani muda wote. Niendelee kujifunza kwa karani, au niombe kujitolea mahakama ya mwanzo? Mliopita huko, mlianzaje?