Paka kanasa kwenye gundi ya panya, naitoaje?

Mpangaji_Uani: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wa haraka. Mpangaji mwenzangu katega gundi ya panya koridoni, paka wangu kapita kakanyaga, kajivutavuta weee mpaka ubao umetoka ila gundi imebaki miguu ya mbele, tumboni na mkiani, na kila akitembea anaokota mchanga manyoya yanashikana mabonge, yaani ni kulia na kujilamba tu. Maji na sabuni wapi, ndo kwanza inanata. Jirani anasema mafuta ya taa, mwingine thina. Nifanyeje?

bonge_la_bwana: Mafuta ya taa mkuu, sisi kwetu mbwa akikanyaga lami ndo dawa yake, na wanadunda mpaka leo

DadaMifugo: Huyo wa juu usimsikilize, mtaua paka wa watu. Mafuta ya taa, petroli, thina, tapentaini, vyote vinaunguza ngozi, na paka lazima ajilambe, zikiingia tumboni akatapika zinaweza kupita mpaka kwenye mapafu na hapo kumwokoa ni shughuli. Cha kwanza mzuie kulamba, mviringishe kwenye taulo kichwa kibaki nje na mtu mwingine akushikie. Sehemu ambayo hujaifikia nyunyizia unga, sembe au ngano wowote, isije ikanata kwingine. Halafu chukua mafuta ya kula, alizeti au yoyote ya maji uliyonayo jikoni, paka kwa vidole, sugua taratibu kufuata manyoya yanakolalia, acha kama dk 5, futa na kitambaa, paka tena futa tena. Usivute hata kidogo! Kati ya vidole pale ndo inapojificha, panua kidole kimoja kimoja uone. Ikishalainika yote ndo uje na maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo tu, suuza mpaka mafuta yaishe maana akiyalamba mengi ataharisha. Kisha mkaushe vizuri asipigwe na baridi

Shamba_Muheza: Dada yuko sahihi. Anayemenya fenesi hahangaiki na maji, anapaka mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu ule ulimbo haushiki. Gundi nayo ni hivohivo

Mpangaji_Uani: Asanteni sana jamani, miguu na mkia imetoka!! Tumboni limebaki bonge moja gumu, nikate na mkasi? Na kuna mchubuko mdogo, niweke Dettol kidogo kwenye maji?

DadaMifugo: Dettol HAPANA, ile kwa paka ni sumu, ini lake haliwezi kuzimudu dawa za aina hiyo kama letu. Chemsha maji nusu lita, weka chumvi kijiko kimoja cha chai, yakipoa osha mchubuko basi. Bonge usilikate hivihivi, ngozi ya tumbo ni laini inainuka pamoja na manyoya, ndo watu wanachana paka wakidhani wanakata nywele. Pitisha kichana kati ya ngozi na bonge, mkasi upite juu ya kichana. Kama halina nafasi liache, utalipaka mafuta tena kesho. Ukiona anatoa udenda, anatapika, anahema haraka au gundi imefika machoni au mdomoni, mpeleke kwa daktari wa mifugo usisubiri

bonge_la_bwana: Sawa dokta nimekoma 😂 na bablishi je, watoto wamemganda nayo mbwa mgongoni

DadaMifugo: Weka barafu kwenye mfuko uibane juu ya bablishi mpaka ikauke, itavunjika vipande, ikibaki paka mafuta ya kula. Ila angalia asiitafune, hasa zile zisizo na sukari, nyingine zina zailitoli, kile kitamu kinachowekwa badala ya sukari, inashusha sukari ya mbwa ghafla na inaua

Shamba_Muheza: Na huyo mpangaji mwenzio mwambie gundi aitege ndani ya boksi, atoboe tundu la kupita panya tu